Matundu ya Kupumulia

Elfu arobaini na nane, mia tatu.
Nilizihesabu juu ya meza ya plastiki,
nikazihesabu tena stima ilipopotea
na tena iliporudi, kana kwamba Kondele nzima
ilikuwa imenyofoa mia mbili gizani.

Ni za chama, na za zamu za usiku
pale kituoni Mamboleo, ninaposimama
bomba mkononi, tarakimu zikikimbizana:
shilingi hutimka, lita hujikokota.
Bei hainitishi. Mbio zake nazijua.

Otiato wa kaka yangu ndiye mwenye kalamu.
Ana miaka kumi na minne na ukali wa karani wa mahakama.
"Shangazi, anza na kadi ya picha.
Huo ndio ugali. Vingine ni mboga."
Basi ugali ukaandikwa: elfu kumi na nane,
wa mtumba, kutoka kwa kijana wa Milimani
anayeapa haujawahi kuchimba sarafu za hewani.
Niliinusa ile kadi. Unacheka?
Miaka tisa kwenye petroli,
pua yangu inajua kitu kilichoungua.
Ilinuka vumbi na, kwa mbali, samaki wa kukaanga.
Tukaichukua.

Prosesa: ya nne kutoka mwisho,
kama mimi darasani.
Madabodi ina tundu moja bovu; tumesamehe.
Ramu nilitaka gigabaiti kumi na sita.
Otiato akanitazama jinsi mama yangu
alivyomtazama mgeni aliyeomba nyama mara ya pili.
Nane.

Kwenye pawasaplai ndipo nilipotaka kubana.
Kulikuwa na ya elfu moja mia tano, nyepesi kama mkate,
na ya elfu sita, nzito kama jiwe la kusagia.
Nikamuuliza tofauti. Hakujibu.
Alinyoosha kidole ukutani, kwenye doa jeusi
lenye umbo la televisheni
tuliyokuwa nayo mpaka Aprili,
mpaka transfoma ya kona ilipokohoa.
Nikalipa elfu sita.

Diski. Skrini yenye mstari mmoja wa kijani.
Zikabaki mia nane, na mashine haina nyumba.
Makasha ya vioo, yenye taa za kubadilika rangi,
yanaanzia elfu tano,
na mimi taa za rangi ninazo usiku kucha kazini.

Nikashuka Kibuye kwa Ogweno, mchonga majeneza,
nikamwonyesha vipande vya saiprasi vilivyobaki.
Akashusha sauti, kwa mazoea:
"Pole, dada. Marehemu ana urefu gani?"
Inchi kumi na nane, nikasema.
Akavua kofia.

Nilichelewa kumsahihisha.
Kipimo hicho nilishawahi kukitaja,
si kwake, kwa fundi mwingine,
mwaka ambao siuhesabu.

"Ni kompyuta," nikasema mwishowe. "Hupata joto.
Itoboe ubavuni, na mgongoni."
Alicheka hadi randa ikamponyoka.
"Miaka ishirini na miwili nachonga masanduku,
hakuna mteja hata mmoja
aliyewahi kuniomba matundu ya kupumulia."
Alitoboa arobaini na moja.
Misumari hakunitoza.

Sasa ni saa tisa usiku, siku yangu ya mapumziko.
Otiato amelala, kalamu bado iko sikioni.
Feni inavuma, saiprasi ikipata moto inanukia,
nami naendesha lori jekundu
kwenye barabara isiyo na tuta hata moja,
mstari wa kijani ukikata mlima katikati.
Mshale wa mafuta umeshuka. Mbele kuna kituo.
Mhudumu wake amesimama, bomba mkononi;
uso wake waliuchora haraka haraka,
macho hayakumalizika.

Nampigia honi.